Mabati Yaliyokatazwa Misumari

Kabla hujaenda mbali, nakuomba uvumilie mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika kwa nadra. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama migomba baada ya upepo. Penye r huenda nimeweka l, kwa sababu nyumbani tulizungumza Kinyambo, Kiswahili nilikikuta shuleni. Naandika polepole, ukurasa mmoja unanimalizia jioni nzima. Kuongea mbele za watu siwezi kabisa. Hata kanisani nikiombwa kusoma tangazo, nasikia masikio yanawaka moto. Ndiyo maana nimeona niandike. Nawaandikia hasa ninyi wa umri wangu, mliokulia kwenye nyumba ambazo mvua iliingia bila kupiga hodi.

Kilichonifanya nichukue daftari ni harufu. Majuzi tulianza kuvua paa la nyumba yetu ya zamani pale Ihembe. Mama na baba wamejenga ya matofali ya kuchoma nyuma yake, na ile ya udongo inabomolewa. Mimi nikapewa kazi ya kupanga mabati uani. Jua lilipokuwa kali mabati yakapata moto, na nilipoinama kusogeza moja nikasikia harufu ya senene, wale panzi wa kuliwa. Sisemi senene wa kukaanga. Nasema ile harufu ya kwanza kabisa, wakiwa wazima kwenye pipa, harufu ya majani mabichi na mafuta mafuta. Nikalinusa tena kama mbuzi. Mdogo wangu akacheka, akasema bati halina harufu, ni jua limenipanda kichwani. Labda ni kweli. Mvua ya miaka mingi imepita juu ya mabati yale. Lakini mimi niliisikia, na mchana wote sikufanya kazi ya maana tena.

Nilipokuwa mdogo nyumba ile haikuwa na bati hata moja. Ilikuwa ya nyasi, na nyasi za juu ya kitanda changu zilikuwa zimechoka kuliko za mahali pengine popote. Mvua ikianza, baba aliamka, akapanda juu ya kinu, akasokomeza majani makavu ya mgomba kwenye tundu. Majani yalizuia kidogo, kisha maji yakapata njia nyingine. Mama aliweka sufuria karibu na mto wangu. Nililala nimejibana ukutani nikisikiliza tone, na kwa sauti yake nilijua sufuria imefika nusu au imekaribia kujaa. Sikuona kama ni shida. Nilidhani kila mtoto ana sufuria yake.

Baba yangu anaitwa Muganyizi. Si mtu wa maneno. Kila msimu wa kahawa alisema mwaka huu tutaezeka kwa bati, na kila msimu kahawa ilikuwa na wenyewe kabla haijakauka: michango ya shule, dawa za bibi, mtu wa ukoo aliyefiwa. Alikuwa akisema, "Mabati ni kazi ya mwenye nyumba," halafu anachukua panga lake na kwenda migombani. Wakati ule nilidhani anajisifu. Siku hizi nikikumbuka sauti yake naona alikuwa akijihukumu.

Mama alijiunga na kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa. Walikutana kila Alhamisi juu mgongoni mwa kilima, kando ya barabara, kwenye baraza la duka la Ma Nyakato. Shule zikifungwa nilikwenda naye nikakaa nyuma yake, nimeshika pindo la kanga yake. Kulikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa wanawake watatu wa nyumba mbalimbali ili pasiwe na mmoja wa kulifungua peke yake. Aliyechelewa alitozwa faini. Aliyeitwa na simu katikati ya kikao alitozwa faini, na wenzake walimcheka mpaka akacheka mwenyewe. Kufuli zikifunguliwa wote walinyamaza, kama kanisani padri anapofungua kile kisanduku cha altare. Kwa hiyo nilimwogopa Ma Nyakato, mwenyekiti wao, kama nilivyomwogopa padri. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye pengo mbele, na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

Siku mama alipoomba mkopo mimi nilikuwa shuleni. Haya nimesimuliwa naye mwenyewe. Alisimama akasema anataka mabati, mapipa na taa, atege senene msimu ukija. Wakacheka. Kutega kwa mabati na taa, senene afuate mwanga, agonge bati na kuteleza ndani ya pipa, ilikuwa kazi ya vijana wa kiume wa huko Bugene. Wanawake walinunua asubuhi, wakanyonyoa mbawa na miguu, wakakaanga, wakauza.

"Mama Kemi, mume wako anajua?" aliuliza Ma Nyakato.

"Anajua naomba mkopo."

"Hilo sijakuuliza."

Mwenzake mmoja akasema, "Waitu, jamani, mpeni. Tumechoka kunyonyoa senene wa watoto wa wenzetu."

Wakampa, kwa sharti moja. Mama hakuwa na shamba lenye jina lake, kwa hiyo dhamana ilikuwa mabati yenyewe. Bati likishatobolewa msumari haliuziki tena kwa bei yake. Basi mpaka mkopo uishe, mabati yale yasiguswe na msumari hata mmoja. Mtego ufungwe kwa kamba. Akishindwa kulipa, kikundi kitakuja kuyabeba.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilichokiona ni bodaboda ikiingia uani Jumamosi mchana, na nyuma yake mabati mapya yamekunjwa mgongo na kufungwa kwa mpira. Yalipokunjuliwa yaling'aa hadi kuku wakakimbia. Nikajua, bila kuuliza mtu, kwamba nyumba yetu inaezekwa. Nikapita mbele yake taratibu kama mtu anayechagua kitambaa sokoni, nikachagua la kwangu, litakalokaa juu ya kitanda changu. Ili lisichanganywe na mengine nikaokota msumari mkongwe, nikachora pembeni mtu aliyelala. Kichwa kilitoka kikubwa kuliko mwili, lakini alikuwa amelala, na hakukuwa na sufuria.

Wakati nachora, ndani kulikuwa na maneno. Bibi, mama yake baba, aliyasikia akiwa jikoni na alipenda kuyarudia kila alipopata msikilizaji.

Baba aliuliza, "Haya ni ya nani?"

"Ya kikundi, mpaka nimalize kulipa. Ni ya kutegea senene."

"Watu wameyaona njiani yakiingia kwangu."

"Wameyaona."

"Watauliza nani kanunua."

"Waambie senene wamenunua."

Bibi anasema alicheka hadi akamwaga maharage. Baba hakucheka. Alisema mabati yanayoingia nyumbani kwa mwanamke kukopa, yeye hayajui, na asiulizwe juu yake. Akatoka, akayapita bila kuyatazama.

Yakawekwa ukutani nje, yamefunikwa matandazo ya migomba. Mvua za kwanza zikaja. Sufuria yangu ikajaa, ikamwagwa, ikajaa tena, na mabati yapo palepale nje, karibu na kichwa changu, ukuta tu katikati. Nilishindwa kuelewa. Asubuhi moja nikamuuliza bibi kwa nini hayapandi.

"Yamekatazwa msumari," akasema.

Nikaelewa mara moja, au nilidhani hivyo. Bibi alikuwa amenisimulia kwamba zamani wanawake wa huku waliokota senene, wakawanyonyoa, wakawakaanga, lakini kula ilikuwa mwiko kwao. Mume ndiye aliyekula. Mke alimletea wa kwanza wa msimu ndani ya jani la mgomba, na mume naye alitakiwa kumnunulia nguo. Basi nikaona mabati nayo yana mwiko wake, na mwiko huwa na mwisho. Nikawa mvumilivu. Mama na mjomba walipoyabeba kuyapeleka bondeni nyuma ya migomba, wakayasimamisha kwa miti na kamba za mgomba kuzunguka mapipa, mimi nilidhani yamepelekwa kuogeshwa.

Mama alichagua bonde kwa sababu ndiko alikokulia akiokota senene. Akiwa msichana walitoka alfajiri yeye na mama yake, nyasi zimelowa, wakawachukua kwa mkono wamekaa kwenye majani. Alilijua bonde lile kuliko alivyoijua barabara. Na ndipo kiwanja cha nyumba yetu kilipoishia. Mahali pengine hakuwa napo. Akawasha karabai, akasubiri.

Senene hawakuja. Niseme kwa usahihi, hawakuja kwetu. Pale Bugene watoto wa shule walikuwa wakitembea na senene mfukoni, na wapita njia walitueleza jinsi wa Kayanga walivyojaa hadi barabarani. Mama alirudi kila asubuhi kanga imelowa hadi kiunoni, mkononi ana kibakuli. Ndani yake nondo, mende wa majani, siku nyingine chura. Aliwatupia kuku. Niliona midomo yake imekauka, nikadhani anafunga kama watu wa Kwaresma.

Baba hakumsema. Pengine ingekuwa afadhali angemsema. Alikula, akanawa, akalala. Bibi ndiye aliyezungumza, na aliongea na chungu chake huku akijua nasikia.

"Wanakuja hao. Mama mmoja wa Kanoni walimbebea mbuzi. Mbuzi analia, mama analia, wao wanakwenda. Huyo huyo Nyakato ndiye aliyeshika kamba."

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Kumbe mabati yanaweza kuondoka.

Alhamisi mama alikwenda kikaoni peke yake, akarudi mapema. Akakaa kwenye kigoda, akavua ndala, akazipanga vizuri sana, moja kando ya nyingine.

"Wamesemaje?" bibi akauliza.

"Nyakato amesema kesho wanakuja kuangalia mabati."

"Kuangalia tu?"

"Hakusema zaidi."

Jioni ile tulikwenda bondeni, mama na mimi. Tukafungua kamba, tukayaleta mabati juu uani. Yalikuwa na tope. Mama akachukua majani laini ya mgomba na maji akayafuta moja moja. Nikamuuliza kwa nini anayasafisha.

"Mtu akija kuchukua chake, akikute kisafi," akasema.

Alipofika kwenye lenye mchoro alisimama. Akapitisha kidole chake juu ya yule mtu aliyelala. Akafuta kuzunguka mchoro, akaendelea.

Walikuja asubuhi, jua halijawa kali, wanawake wote wa kikundi kwa mstari kwenye njia ya kahawa, Ma Nyakato mbele. Wengine walikuwa na kata za kubebea mizigo kichwani tayari. Nikaziona zile kata. Hakuna anayekuja kutazama kitu akiwa na kata kichwani. Nikakimbilia nyuma ya nyumba, nikajificha kwenye kuni, na kwa hiyo nikakosa maneno yaliyosemwa uani. Mama alinisimulia baadaye.

Ma Nyakato alikataa kigoda. Akaamkiana na bibi kwa heshima zote, kisha akasema, "Mama Kemi, nionyeshe ulikotega."

Mama akaonyesha bondeni.

"Kule? Kule chini ya migomba?"

"Ndiko tulikookota tulipokuwa wasichana."

"Tulikuwa tunawafuata, wewe. Siku hizi unawaita kwa taa. Umejificha shimoni na kikarabai chako, senene akupitie huko juu, akuone kwa macho gani? Ulikuwa unawategea vyura."

Wanawake wakacheka. Mama naye, anasema, alicheka huku machozi yakimtoka, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa matusi na si kwa mzaha.

"Sina mahali juu," akasema.

"Mimi ninapo. Nyuma ya duka kuna uwanja, na umeme upo. Tulikaa jana baada ya wewe kuondoka tukaona hivyo. Wewe ulitoka mbio kama umeiba, ungesubiri ungesikia. Haya, jamani, kila mtu na lake. Bebeni."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifikia kule kwenye kuni. Bebeni. Nikatoka, nikaona mabati yanapanda vichwani. Sikulia. Mimi ni mtu ambaye kilio changu hubaki kooni. Nilikwenda moja kwa moja kwenye bati langu, nikalishika kwa mikono yote miwili. Upande wa pili wa bati alikuwa Ma Nyakato.

Alilivuta. Sikuachia. Akainama kuona ni nini kinachomzuia.

"Huyu ni nani?"

"Kemilembe," mama akasema. "Mwachie Ma Nyakato bati, Kemi."

"Kumbe anaongea?"

"Haongei."

Ma Nyakato akaona mchoro. Akageuza kichwa chake upande kuusoma. Nilidhani atauliza nani kaharibu bati la kikundi, na kwamba nitatozwa faini, na sina hela.

"Huyu aliyelala ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Anaonekana kalala vizuri. Sikiliza, mwanangu. Hatuibi. Bati hili linakwenda kazini. Watu wazima wote huenda kazini, jioni wakarudi. Nalo litarudi. Ukitaka, shika huko nyuma unisaidie, maana mimi ni mzee na limenishinda."

Halikuwa limemshinda. Angeweza kulibeba pamoja na mimi juu yake. Lakini nilishika nyuma.

Siwezi kuwaeleza vizuri ile safari. Tulipita kwenye migomba, ambako mabati yaligonga majani na kurusha umande, tukapita kahawa, kisha tukatokea kwenye nyasi za mlimani. Jua likawapata wanawake wote mara moja. Kutoka nyuma sikuona vichwa vyao, niliona mabati yanayotembea, yanayumba, yanarusha mwanga huku na huku, na chini yake miguu. Mmoja akianza kuimba, mwingine alimwambia anyamaze kwani sauti inagonga bati na kurudi sikioni. Waliuliziana hali za watoto. Walimsema mtu fulani aliyechelewa. Mama alikuwa katikati yao, shingo imenyooka.

Baba alikuwa pembezoni mwa migomba, panga mkononi. Alisogea kando kutupisha. Mwanamke mmoja akamchokoza, "Baba Kemi, mabati yako yanahama, huyaagi?"

"Si yangu," akasema baba.

Ma Nyakato, bila kugeuza shingo, akajibu, "Sawa. Yakirudi utatuambia ni ya nani."

Mtego ukasimamishwa nyuma ya duka, umefungwa kwa kamba, na katikati taa ya umeme kubwa kama papai. Mama alitakiwa kulala pale kuulinda, akanichukua. Nilitandikiwa magunia stoo, kati ya mifuko ya chumvi na sabuni, nikasinzia kabla taa haijawashwa.

Kilichoniamsha ni mvua juu ya bati. Mvua kubwa, ya kupiga bila kupumzika. Nililala macho wazi nikasubiri tone. Halikuja. Nikapapasa pembeni ya kichwa, sufuria haikuwepo. Nikawaza, limepanda. Wamelipandisha bati langu nikiwa nimelala, na sasa mvua inanyesha na mimi ni mkavu. Nikalala hivyo kwa raha ambayo sijaipata tena, mpaka mwanga wa alfajiri ulipopenya mlangoni nikakumbuka kwamba sipo nyumbani. Nikatoka nje. Udongo ulikuwa mkavu. Mabati yalikuwa yanapigwa na senene, wanakuja kwa wingi wa kutisha, wanagonga, wanateleza, wanaingia kwenye mapipa, na mama amesimama katikati wamemjaa kwenye nywele, kwenye kanga, hadi kwenye nyusi, anacheka peke yake.

Asubuhi ile kikundi kizima kilikaa barazani kunyonyoa. Walinipa kibakuli changu. Baadhi ya senene walikuwa kijani, wengine kahawia, na bibi aliyeletwa kwa bodaboda alisema wa zambarau wachache ndio watamu kupita wote, akajiwekea. Mama alikaanga wa kwanza kwa chumvi tu. Kabla ya kuuza hata kijiko kimoja alichota kiasi, akakikunja ndani ya jani la mgomba lililopitishwa motoni, akashuka nalo kilimani. Nilimfuata.

Baba alikuwa anapalilia. Mama akapiga goti kidogo kama desturi ilivyo, akampa. Baba akafungua jani. Harufu ikatoka. Akala mmoja, halafu mwingine. Akala wote amesimama, taratibu, akakunja jani akalitia mfukoni. Nilitazama mikono yake nikingoja nguo, kama bibi alivyosimulia. Mikono ilikuwa na udongo tu. Mama akageuka tukapanda mlima. Njiani alitembea kwa kasi, na mimi nikakasirika kwa niaba yake, bila kujua hasira yenyewe inaelekea wapi.

Msimu ule haukututajirisha, nisije nikawadanganya. Siku nyingine walijaa, siku nyingine taa iliwaka bure. Lakini mama aliuza stendi ya Kayanga, akauza kwa abiria wa mabasi, na kila Alhamisi alisimama na kurejesha. Yule mama wa Kanoni mwenye mbuzi nilikuja kumwona, alikuwa mwanakikundi bado, na bado hakumsalimia Ma Nyakato kwa moyo. Hilo nalo ni kweli. Si kila aliyekopa alibebewa mzigo wake mlimani.

Nyumbani baba alianza kukata miti ya mkaratusi. Aliipanga nyuma ya choo. Bibi alisema ni ya ua. Mimi nilisema ni ya ua. Hakuna aliyemuuliza.

Senene walipokwisha, na mkopo nao ukaisha, wanawake walishusha mabati kwa mstari uleule, wakayaegemeza ukutani. Safari hii baba hakuwa migombani. Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa shati la kanisani siku ya kazi.

"Ma Nyakato," akasema, "msumari umeruhusiwa?"

"Umeruhusiwa. Ni ya nani haya, Baba Kemi?"

Wanawake wakasubiri. Baba akamtazama mama.

"Ni ya mke wangu," akasema.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa kifurushi cha gazeti, kizito, akakiweka mikononi mwa mama kwa mikono yake miwili. Mama akafungua. Ilikuwa misumari ya bati, mipya, yenye vichwa vipana. Nilijua hata mimi kwamba ameuza ndizi zake za pombe kuinunua, kwa sababu mikungu ilikuwa imepungua na hakuwa amelewa.

"Ulinipa senene," baba akasema. "Nguo sikukununulia."

"Sikudai."

"Najua hukudai. Basi nguo yako ni hiyo. Sasa nirudishie mmoja mmoja, nikiwa juu."

Bibi akapiga vigelegele kutoka jikoni na wengine wakampokea. Baba akang'oa nyasi za babu yake upande mmoja, akapanda, miti ile ya nyuma ya choo ikapanda nayo. Kabla ya bati la kwanza akachungulia chini.

"Kemi. Lenye mtu aliyelala linakaa wapi?"

Sikujua kwamba ameuona mchoro. Alikuwa amepita mbele ya mabati yale muda wote akitazama pembeni. Nikanyoosha kidole juu ya kitanda changu. Mama akampa msumari, na hapo ndipo alipoanzia.

Nimeandika haya kwa jioni nyingi. Paa limekwisha kuvuliwa. Baba amekuwa mzee kidogo, anasikia kwa sikio moja, na sasa hivi yuko uani ananyoosha misumari ileile juu ya jiwe, anapiga, anaigeuza, anapiga tena, kwa sababu hataki itupwe. Bati langu limeegemezwa ukutani. Lina kutu, na yule mtu bado amelala, na karibu na kichwa chake kikubwa pana tundu la msumari wa kwanza. Mama ameniuliza nataka lifanyweje. Sijamjibu.

Mimi nami nimeingia kikundini. Ma Nyakato amezeeka, anabebwa na bodaboda hadi barazani kwake mwenyewe, lakini sauti ni ileile. Alhamisi ijayo nitatakiwa kusimama na kuomba mkopo wangu wa kwanza, wa cherehani, na kusema kwa mdomo wangu ninautakia nini. Nimekuwa nikiyafanyia mazoezi maneno nikiwa peke yangu, na yanaishia kooni. Nikishindwa nitalibeba bati langu niende nalo. Ma Nyakato alilisoma mara moja, atalisoma tena.

Basi na wewe uliyefika hapa, niandikie. Usiogope mwandiko, wangu umeuona. Niambie ulipokuwa mdogo juu ya kitanda chako kulikuwa na nini, nyasi au bati au turubai, na ni nani aliyeamka kukuzibia. Na kama wewe pia ni mtu wa maneno kubaki kooni, niambie siku uliyosimama ulianza na neno gani. Nitasoma polepole, kama ninavyoandika, lakini nitasoma yote.